Fedha za Ukame na Haki ya Jirani

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, mwenye kuteremsha mvua na mwenye kuizuia, na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake wote.

Ndugu msomaji, swali ninalotaka kulieleza hapa sikuletewa na mwanachuoni wala na mtu mzima. Nililetewa na mtoto wa miaka 12, siku moja ya mwaka 2017, baada ya darsa ya alasiri, wenziwe walipokwisha kukunja mikeka na kwenda zao. Kwao mtoto huyo ni Wajir, kaskazini-mashariki ya Kenya. Ukame ulipozidi mwaka ule baba yake alimleta huku pwani akae kwa mama yake mdogo, asikose chakula wala masomo. Alisimama mlangoni, msahafu wake kifuani, akaniambia:

"Maalim, baba amepewa fedha na Serikali kwa ajili ya ukame, na mbuzi wake wengi wako hai. Ami yangu mbuzi wake wamekufa, naye hakupewa kitu. Je, fedha za baba ni halali?"

Nikamwuliza: "Baba yako alisema uwongo alipoandikwa?"

"Hapana, Maalim. Jina lake lilisomwa barazani, watu wote wakisikia."

"Basi mbona una shaka, mwanangu?"

Akainamisha kichwa. "Kwa sababu ami hasemi tena na baba."

Sikumjibu siku ile. Mimi ni mwalimu wa chuo. Elimu yangu ni ya Kurani na ya skuli ya msingi, na mambo ya fedha za Serikali sikuwa nikiyajua. Nikamwomba muhula, nikaenda kuwauliza walionizidi elimu ya dini, kisha nikamwuliza bwana mmoja aliyewahi kufanya kazi ya mifugo huko bara. Haya ndiyo niliyoyapata, na nimeyaandika kwa kuwa naamini swali la mtoto yule lipo katika nyumba nyingi.

MALI ITEMBEAYO

Wajir ni kaunti kubwa mno kwa ardhi, zaidi ya kilomita za mraba 55,000, na wenyeji wake karibu wote ni Wasomali Waislamu. Mvua zao ni mbili: ile ya masika waiitayo Gu, na ile ya vuli waiitayo Deyr, inyeshayo baina ya Oktoba na Disemba. Baada ya Deyr huja kiangazi kikali, Jilaal, ambapo visima hupungua na malisho hukauka hata ardhi ikawa kama imechomwa.

Mfugaji wa huko hana shamba wala duka. Mali yake hutembea kwa miguu. Mbuzi ndiye fedha yake ya mkononi, auzwaye mtoto akiugua au karo ikitakiwa. Ngamia na ng'ombe ndio akiba yake na maziwa ya watoto wake. Mvua moja ikikosa, maziwa hupungua. Mbili zikikosa, kundi hupungua. Tatu zikikosa, mtu aliyekuwa akitoa zaka huwa mtu wa kupewa zaka.

Katika mwaka 2016 mvua ya vuli ilikosa, na mwezi wa Februari 2017 Serikali ya Kenya ikatangaza kuwa ukame ule ni msiba wa taifa zima.

FEDHA ZATOKA WAPI

Fedha walizokuwa wakipata wafugaji siku zile zilikuja kwa njia mbili, na yafaa kuzipambanua, kwani wengi huzichanganya.

Njia ya kwanza ni mpango wa kuwalinda maskini na njaa, ulioendeshwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Kudhibiti Ukame katika kaunti nne: Turkana, Marsabit, Mandera na Wajir. Katika awamu yake ya pili, iliyoanza mwaka 2013, nyumba karibu 100,000 zilizokuwa maskini kabisa ziliandikwa. Kufikia mwaka 2017 kila nyumba ilikuwa ikipewa shilingi 5,400 kila miezi miwili, mvua inyeshe isinyeshe. Ukame ulipozidi, nyumba nyingine ambazo kwa kawaida hazikupewa ziliongezwa kwa muda.

Njia ya pili, nayo ndiyo iliyomfikia baba wa mwanafunzi wangu, ni bima ya mifugo. Mwezi wa Oktoba 2015 Serikali ilianza kuwakatia bima wafugaji wa Turkana na Wajir, nyumba 5,000 kwa kaunti zote mbili, kisha ikaendelea katika kaunti nyingine. Mfugaji hakutoa hata senti moja. Ada yote ililipwa na Serikali. Kila nyumba ilikatiwa bima ya kiasi cha ng'ombe 5, na katika hisabu yao ng'ombe 1 ni sawa na mbuzi au kondoo 10. Basi mwenye mbuzi alihisabiwa mbuzi 50, hata kama anao zaidi. Mwezi wa Februari 2017, baada ya vuli kukosa, zililipwa shilingi zipatazo milioni 215 kwa nyumba karibu 12,000 katika kaunti sita. Ukigawa utaona kuwa kila nyumba ilipata kwa wastani karibu shilingi 18,000.

Sasa fahamu jambo ambalo wengi hawalijui, na kutolijua huko ndiko kuliko tia fitina baina ya ndugu. Bima hii haihisabu mizoga, yahisabu majani. Kuna setilaiti zizungukazo juu ya ardhi, nazo hupima ukijani wa malisho ya kila eneo. Vipimo vya msimu huu hulinganishwa na vya misimu ya miaka iliyopita. Ikionekana kuwa msimu huu umo katika fungu la tano lililo baya kabisa, watu wote walioandikwa katika eneo lile hulipwa, aliyefiwa na mifugo na asiyefiwa.

Nilipolisikia hilo mara ya kwanza nililiona jambo la ajabu, hata nikasema moyoni: mbona hawaulizi nani amepata hasara? Yule bwana wa mifugo akanieleza sababu, nami nikazikubali. Ya kwanza, nchi ni pana, na hapana afisa awezaye kufuata kila kundi ili kuhisabu waliokufa. Ya pili, kuhisabu mizoga hufungua mlango wa uwongo, mzoga mmoja ukaonyeshwa na watu watatu. Ya tatu ndiyo kubwa: fedha hutolewa mapema, mnyama angali hai, ili mwenyewe apate kununua nyasi, maji na dawa. Kumlipa mtu baada ya ng'ombe kufa ni kumpa sanda, na kumlipa kabla ni kumpa ng'ombe wake.

NDUGU WAWILI

Hata hivyo hapana kazi ya binadamu isiyo na upungufu. Setilaiti huona eneo, haioni zizi. Tena mvua ya nchi kavu hunyesha kwa viraka. Huku ikanyesha, na mwendo wa nusu siku isinyeshe. Tena nyumba zilizoandikwa zilikuwa chache mno mbele ya makumi ya maelfu ya nyumba za Wajir. Kwa hiyo ndugu wawili wa baba mmoja na mama mmoja, mmoja akaandikwa na mwingine asiandikwe, wala hapana aliyedhulumu.

Nikampigia simu baba wa mtoto. Baada ya kuamkiana na kuulizana khabari za wazee na watoto, nikamweleza bila ya kumtaja mwanawe kwa lawama. Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Maalim, mimi sikuiba. Zile fedha nilinunua nyasi, na maji yaletwayo kwa gari, na dawa. Nilikuwa na mbuzi 42, na waliobaki ni 31. Lau si zile fedha wangekufa wote kama wa ndugu yangu."

Hapo nikaona kuwa mwanafunzi wangu alikuwa ameyapindua mambo, na huenda na mimi pia. Yeye alidhani kuwa baba yake amelipwa ingawa mbuzi wake wako hai. Kumbe mbuzi wako hai kwa sababu amelipwa. Fedha zilifanya kazi ile ile zilizotolewa kuifanya.

Ama kuhusu uhalali, masheikh niliowauliza walinijibu kwa njia moja. Mtu huyu hakutoa ada wala hakufanya mapatano ya bahati nasibu na mtu. Alichopewa ni msaada wa Serikali kwa raia wake wakati wa shida. Alisema kweli alipoandikwa, na jina lake lilisomwa hadharani. Basi fedha zake ni halali, hazina shaka.

Nikamwambia hivyo, naye akashukuru. Lakini sikuishia hapo. Nikamwuliza: "Na ndugu yako, watoto wake wanywa nini?"

Akasema: "Chai ya rangi, Maalim."

KUMBUKUMBU YA MWAKA WA MAJIVU

Ndugu msomaji, Waislamu si wageni wa ukame. Katika mwaka wa 18 wa Hijra, wakati wa ukhalifa wa Sayyidna Umar bin al-Khattab (R.A.), mvua ilikatika katika Bara Arabu hata ardhi ikawa na rangi ya majivu, na mwaka ule ukaitwa Mwaka wa Ramada. Mabedui waliofiwa na wanyama wao walimiminika Madina. Sayyidna Umar aliwaandikia magavana wake wa Sham na Iraq, na misafara ya chakula ikaja. Wapokezi wa khabari wasema kuwa aliamuru wale waliokuwa wakila kwake wahisabiwe, ajue ni wangapi. Na mwaka ule aliiahirisha zaka ya wanyama. Hakumtuma mtu kwenda kuichukua mpaka mvua iliponyesha na watu wakapata nguvu.

Hayo ni mambo ya Serikali: barua, misafara, hisabu, na kuahirisha kodi. Lakini Sayyidna Umar alifanya na jambo jingine lisiloandikwa katika daftari ya Serikali yoyote. Alijizuia kula samli na kunywa maziwa mpaka watu wote wayapate, akawa akila mafuta hata rangi ya mwili wake ikageuka. Kiongozi aliyekwisha kutoa amri zote zipasazo alijiona kuwa bado ana haki ya jirani juu yake.

Hapo ndipo penye jambo ninalotaka tulifahamu. Hisabu ya Serikali ni moja, na hisabu ya ujirani ni nyingine, wala ya kwanza haiondoi ya pili. Serikali huona malisho na majina, wala haiwezi kuona kikombe cha chai ya rangi katika nyumba ya ndugu yako. Wewe wakiona.

MBUZI WA MAZIWA

Nikamwambia yule mzee: "Ndugu yangu, zaka ya mbuzi haikulazimu mwaka huu. Nisabu ni mbuzi 40, nawe wamekubakia 31. Wala sikuambii ugawe fedha zile, kwani zimekwisha katika nyasi na maji. Lakini nimesikia kuwa nyinyi Wasomali mna desturi ya kumwazima mwenye shida mnyama mwenye maziwa."

Akasema: "Ndiyo, Maalim. Twaiita irmaansi."

Nami nikamweleza kuwa desturi hiyo ina asili katika Sunna. Waarabu waliiita maniha: mtu humpa mwenziwe mbuzi au ngamia amkame maziwa yake, kisha amrudishe. Bwana Mtume (S.A.W.) aliisifu sana na kuihimiza. Ni sadaka nyepesi kwa mtoaji, kwani mnyama hubaki wake. Na kwa mpokeaji haina aibu, kwani hakuomba, ameazimwa.

Akanyamaza tena, kisha akasema neno ambalo sijalisahau mpaka leo: "Maalim, babu zetu walikuwa wakifanya hivyo kila ukame. Sisi tumeacha. Siku hizi mtu akipatwa na shida, twamwambia angojee orodha."

Hii ndiyo khatari, ndugu zangu. Msaada wa Serikali ni neema, na asiyeushukuru ni mkosefu wa adabu. Lakini ukitufanya tuseme "angojee orodha", basi umetutoa katika shida moja na kututia katika nyingine iliyo kubwa zaidi. Ukame huondoka kwa mvua, lakini moyo uliokauka haufufuliwi na Gu wala Deyr.

Wiki ile ile alimpelekea ndugu yake mbuzi wanne wenye maziwa. Sikuwako, lakini mtoto aliniletea khabari, naye alikuwa akicheka. Katika mwaka 2018 mvua ya Gu ilikuja kwa wingi, hata kupita kiasi mahali pengine, na malisho yakarudi. Ami yake akapata mbegu kwa kuuziwa na kusaidiwa na jamaa, akawarudisha wale wanne. Walikuwa wamezaa, na ingawa kwa desturi watoto ni wa mwenye mbuzi, baba wa mtoto akamwachia ndugu yake watoto wawili.

ZAMA ZILIZOFUATA

Kisha ukaja ukame mkubwa kuliko ule. Tangu mwisho wa mwaka 2020 hata mwaka 2022 mvua za misimu mitano zilikosa mfululizo, jambo ambalo wazee hawakupata kuliona. Tarehe 8 Septemba 2021 Serikali ikatangaza tena msiba wa taifa. Katika kaunti kavu za Kenya walikufa mifugo zaidi ya milioni 2. Hapana bima wala msaada uliotosha kwa msiba wa kadiri hiyo, na wengi waliokuwa wafugaji leo wamekaa kandokando ya miji.

Utaratibu wa fedha nao umegeuka. Mwaka 2022 ulianzishwa mpango mpya kwa nchi kadhaa za Pembe ya Afrika, nao humtaka mfugaji atoe sehemu ya ada mwenyewe, na Serikali imsaidie sehemu nyingine. Kwa hiyo swali la halali na haramu limekuwa zito zaidi kuliko lile la mwaka 2017, kwani sasa mtu hutoa mali yake mwenyewe.

Kwa mambo hayo twamshukuru Mungu kuwa ipo njia iliyokwisha kujaribiwa Wajir kwenyewe. Mwaka 2013 ilianza huko bima ya mifugo kwa utaratibu wa takaful, na mwezi wa Machi 2014 wafugaji 101 walipata malipo yao ya kwanza. Katika takaful, washiriki hutoa mchango wao kwa nia ya tabarrui, yaani kusaidiana. Mfuko ni wao wote, na kampuni ni wakala tu, apataye ujira unaojulikana. Fedha za mfuko haziwekwi katika riba. Anayetaka kujiandikisha katika bima yoyote, na aulize kwanza: mfuko ni wa nani, fedha zake zafanya kazi gani, na zikibaki zaenda wapi? Akishindwa kufahamu, amwulize mwenye elimu kabla ya kutoa, si baada ya kutoa.

WASIA KWA NYUMBA ZETU

Kwanza, kuandikwa katika orodha ni ushahidi. Mwenye kusema ana mbuzi asio nao, au kumwandikisha mtoto aliye mbali kama nyumba mbali, amekula haki ya mtu ambaye nafasi ile ingemfikia. Wala asiseme kuwa mali ya Serikali haina mwenyewe. Mwenyewe ni yule mjane aliyeambiwa kuwa nafasi zimekwisha.

Pili, fedha hizi zimeandikwa kwa nyumba. Baba akizipokea, ndani yake mna haki ya mke, ya watoto na ya wanyama wenyewe, kwani mnyama naye ana haki ya kulishwa. Si halali kuzipeleka kwenye miraa huku mbuzi walia zizini.

Tatu, neno hili ni lenu vijana. Nyinyi mmesoma, na wazee wengi hawajui kusoma khabari ziletwazo kwa simu. Mzee akikupa simu yake umsomee kilichoingia, umeshika amana. Msomee kama kilivyo, umrudishie simu yake, na usijikatie ujira ambao hamkupatana. Shilingi mia mbili za mzee asiyejua kusoma zaweza kuwa nzito Siku ya Kiyama kuliko kundi zima la ngamia.

Na wewe uliyepata, tazama upande wa pili wa ua kabla hujafunga mfuko wako. Huenda jirani yako hakuandikwa. Ukiwa na fedha, mpe kiasi uwezacho. Ukiwa huna, mwazime mbuzi wa maziwa. Ukiwa huna mbuzi, kamwamkie, wala usimwache akae na huzuni yake peke yake.

Yule mtoto sasa ni kijana. Jibu nililompa siku ile, baada ya kuuliza na kusikia, lilikuwa fupi: "Mwanangu, fedha za baba yako ni halali. Na maziwa ya ami yako ni haki." Akalirudia mara mbili ili alihifadhi, kama ahifadhivyo aya, kisha akachukua msahafu wake akaenda zake.

Mwenyezi Mungu atunyeshee mvua yenye manufaa isiyo na madhara, ailinde mifugo ya ndugu zetu, na asikaushe nyoyo zetu. Amin.